Barafu ya Kupoza Hesabu

Karakana,
Jumapili asubuhi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa, si umesimama, na goti lako liwe limetulia. Mama mdogo ameniambia bado linakusumbua unapoinuka, na kwamba ile dawa ya kuchua umeikataa kwa sababu inanuka kama gereji. Jipake tu, mama. Hakuna atakayekunusa ila mama mdogo, naye amekwisha kukuzoea. Mpe salamu zangu, umwambie namshukuru kwa uvumilivu wake, maana najua ukikaa kwa watu unawapangia vyombo upya mpaka hawajui kijiko kiko wapi. Sisi huku tu wazima wa mwili. Mke wangu anakuamkia. Najua hapo umekunja uso, lakini mkweo anakuamkia, na amenisisitiza nisisahau kuliandika.

Nimekupigia simu mara nyingi, na kila nikifika kwenye habari zake unasema mtandao unasumbua, kisha unakata. Mtandao wa huko haujawahi kuwa mbovu hivyo. Ndiyo maana nimeona niandike. Barua huwezi kuikata katikati, na hata ukiitupa, nakujua, utainuka kwenda kuiokota.

Jambo moja kabla ya yote: usirudi kwenye lile jengo. Wala usiseme unakwenda kuchukua kabati tu. Nimesikia ulimwambia yule jirani yako mshonaji kwamba utapita chini ya utepe wa wakaguzi, na kwamba hajazaliwa wa kukuzuia kuingia nyumbani kwako. Nimesikia pia walivyokuambia, kwamba mkweo ndiye aliyewatoa watu wote nje kwa sababu alikuwa anakuonea wivu wa nyumba. Mama, nakuomba unisome mpaka mwisho, halafu uamue mwenyewe kama ni yeye wa kununiwa au ni mimi.

Mambo yalianza joto lilipoanza. Unaikumbuka ile kompyuta yake ya zamani, ya kusimama chini, uliyoipa jina la Kizee kwa kuwa ilikuwa inakohoa kabla ya kuwaka. Siku moja nilirudi kutoka karakana nikakuta mkweo ameitoa mvunguni, ameipangusa, ameiweka mezani chumba cha ndani. Akaniambia amechukua likizo ofisini. Nilifurahi, nikadhani sasa tutapumzika kama watu. Kumbe likizo ilikuwa ya kazi. Alinieleza kwa maneno machache, kama ilivyo kawaida yake, kwamba ana hesabu ndefu za jengo fulani, na Kizee ni lazima azipige mwenyewe kwa siku kadhaa mfululizo bila kuzimwa. Akizima katikati, kazi yote inarudi mwanzo.

Na Kizee alikuwa anazima. Chumba chetu cha ndani unakijua, bati juu na dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani. Mchana ukiweka kiganja ukutani unahisi kama unampima mtu homa. Asubuhi Kizee alikwenda vizuri, feni yake ikinong'ona. Jua likipanda alianza kuvuma, kisha kulia kama nyuki waliochokozwa, halafu tik, kioo cheusi. Mkweo hakulalamika. Alikuwa anakaa tu mbele ya kioo kile cheusi, mikono mapajani, mpaka chuma kipoe ndipo awashe tena. Siku ya tatu au ya nne alikuja karakana, jambo ambalo hafanyi. Akasema mimi kutwa ninapoza vitu vya watu, basi nimpozee na chake. Na akaniomba nisimuulize ni hesabu za jengo gani.

Nikaona ni kazi ndogo. Nilibeba kompresa yangu ya upepo, nikamvua Kizee ubavu mmoja, nikampuliza. Vumbi lililotoka, mama, ungeweza kujazia mto. Nilishika mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke nikipuliza, kwa sababu yakizungushwa kwa nguvu ya upepo huharibika. Nikamwinua juu ya matofali ili apate hewa kwa chini, nikamsogeza mbali na ukuta, na ule ubavu nikauacha wazi, feni yetu ya mezani ikimtazama. Akatulia. Nilijisifu siku nzima. Kesho yake jua lilikuwa kali zaidi, na mchana, tik.

Nikamfungua tena. Kati ya ubongo wake na kile chuma cha mbavu-mbavu kinachokaa juu yake kunapakwa dawa ya kupitisha joto. Ya Kizee ilikuwa imekauka na kupasuka kama tope la kiangazi. Fundi simu wa jirani alinishauri nipake dawa ya meno, akaapa kwamba yeye hufanya hivyo. Mkweo alimtazama kwa namna ambayo fundi simu alikumbuka ghafla kwamba ana mteja. Nikatafuta dawa yenyewe, nikapaka kidogo kama punje, nikafunga. Ilisaidia, lakini chumba chenyewe kilikuwa kinaungua, na feni ikipuliza hewa ya moto huwa inasambaza moto tu.

Ndipo nikaanza kugandisha maji kwenye chupa katika friji za karakana. Nilizipanga kwenye beseni mbele ya feni. Fundi simu, ambaye hajui kushindwa, akaniuliza kwa nini nisimtie Kizee mzima ndani ya friji nikafunga mlango. Nikamwambia friji hupoza chakula kilichokwisha kupoa nusu. Ukiitia kitu kinachozalisha joto mfululizo, itafanya kazi mpaka ife. Na kuna jasho. Hilo ndilo lililoanza kunitisha, mama. Umewahi kuona glasi ya maji baridi inavyolia machozi kwa nje. Kitu chochote kikipoa kuliko hewa hutoka jasho, na tone moja likidondokea ubao wa ndani wenye umeme, kwaheri. Kwa hiyo nilikata maboksi, nikayaunganisha kwa gundi kuwa kama mfereji, nikaweka barafu mbali na chini, ili Kizee apate upepo wa baridi bila machozi yake. Shuka bichi nikalitundika dirishani. Chumba kikafanana na kliniki ya mganga. Ungekiona ungecheka. Mimi nilikuwa nimeanza kutocheka.

Nilikuwa ninaogopa waya. Soketi ilikuwa inachemka, na kulikuwa na harufu, si ya moshi, bali ile inayotangulia moshi. Kila nikiwa kazini nilisikia harufu hiyo puani, nikamwacha mteja anaongea nikatoka nje kutazama upande wa nyumbani kama kuna kitu kinapanda juu.

Lakini zaidi nilimwogopa mkweo. Alikuwa haongei. Chakula alikigusa, akakisogeza. Nikimwita alishtuka. Niliwahi kumkuta ameegemeza kiganja kwenye ukuta wetu wa jikoni, ametulia kama anayesikiliza. Utakumbuka siku aliyokuja kwako na ule utepe wa kupimia, akapima nguzo ya sebuleni, akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, kisha akashuka hadi chini kwenye duka la mitungi ya gesi na kupima na huko. Ulinipigia simu jioni hiyo hiyo ukaniambia mke wangu anapima nyumba yako kama mtu anayetaka kuirithi nawe hujafa. Nilipomuuliza, alinijibu kwamba alikuwa anaangalia tu. Nilikasirika naye kwa ajili yako. Namshukuru Mungu kwamba sikumwambia yote niliyoyafikiria.

Kisha akaja mtu karakana. Alikuwa amevaa kofia, shati safi, mtaratibu wa maneno. Akasema ana friji isiyogandisha. Nikaanza kumuuliza ni ya aina gani, inalia au hailii, naye akawa anajibu huku anatazama vitu vyangu kimoja kimoja kama anayevihesabu. Halafu akaniuliza mama hajambo, na goti lake linaendeleaje kwa zile ngazi. Mama, sikuwa nimemwambia kwamba nina mama. Nikamjibu hajambo. Akatabasamu, akasema nimwambie mke wangu kwamba likizo ni ya kupumzika. Akaondoka, na habari ya friji haikurudi tena. Nilikuwa nimeshika bisibisi, nikaitia mfukoni bila kuirudisha kwenye kasha lake.

Nilifunga karakana mapema. Nilimkuta mkweo amekaa sakafuni chumba cha ndani, shuka limekauka dirishani, Kizee kazima. Umeme wa mtaa ulikuwa umekatika na kurudi. Nikamwambia habari za mtu wa kofia. Ndipo akaanza kulia, na katika kulia akaniambia. Jengo lile ni lako, mama. Ni lile unalokaa.

Alinieleza hivi. Alipokuwa mhandisi mgeni pale ofisini, yeye ndiye aliyechora nguzo za jengo lile, kwa ghorofa tatu. Ndiyo maana alikutafutia nyumba humo, kwa sababu alilijua na kuliamini. Mwaka huu alipokuja kukutembelea aliona mwenye nyumba ameongeza ghorofa ya nne, na juu yake matangi ya maji yamepangwa safu. Kisha akaona duka la mitungi limepanuliwa. Ule ukuta wa katikati chini, uliokuwa unasaidia kubeba, umebomolewa ili magari yaingie. Alimwambia mkuu wake, na mkuu akamjibu kwamba faili la jengo lile lilifungwa zamani. Aliomba kupiga hesabu upya kwenye kompyuta za ofisi, akakatazwa. Akaondoka na michoro, akaja kwa Kizee. Alihitaji namba, kwa sababu bila namba mwanamke anayesema jengo la mtu mkubwa litaanguka ni mwendawazimu tu, na watu wakitoka siku moja kwa maneno matupu, kesho yake watarudi, na safari ya pili hawatamsikiliza tena.

Sijui nikuandikie vipi nilivyohisi. Nilikuwa nawaza ukifua, ukipanga vyombo, ukimsema mtu wa ghorofa ya juu kwa kuburuta viti, na chini yako nguzo imechoka. Nilitaka kukimbia saa ile ile nikubebe mgongoni nikutoe. Mkweo akasema twende, lakini tukutoe kwa namna ambayo hutabishana, kwa sababu wewe ukiambiwa kuna hatari unakaa kuisubiri uione. Ndipo nikaja nikakudanganya kwamba mama mdogo ameanguka bafuni. Najua ulifika kwake ukamkuta anafagia uwanja, mzima kama mti, na najua maneno uliyoyasema. Uongo ule ulikuwa wangu. Na kesho yake walipomwona mkweo anatoa godoro lako na picha ya baba, hakuwa anakufukuza. Aliingia mwenyewe ndani ya jengo analojua kwamba limeelemewa, ili picha ya baba isibaki humo. Mimi alinikataza nisiingie.

Sasa, mama, kuna jambo linaloniamsha. Siku ile nilipokuja kukuchukua, tulipokuwa tunashuka na begi lako, yule mtoto wa mshonaji alikuwa amekaa kwenye ngazi anafunga kamba za viatu. Akakuamkia, akaniamkia na mimi, akavuta miguu ili tupite. Nikampita. Nilikuwa najua ninachokijua, mama yangu nimemshika mkono, na mtoto wa mwenzangu nikampita kwenye ngazi ileile. Nilimwambia hujambo, akasema sijambo. Toka siku hiyo sikulala usingizi wa kueleweka.

Nikarudi kwa Kizee kama mtu aliyepandwa na kitu. Nilitoa bomba la shaba kwenye friji iliyokufa, nikalizungusha mbele ya feni kubwa mzunguko juu ya mzunguko, nikalifungia pampu ndogo, nikaitumbukiza kwenye pipa la maji ya barafu. Maji ya baridi yanapita ndani ya shaba, feni inavuta hewa kupitia hapo, mfereji wa maboksi unaipeleka kwa Kizee. Barafu niliifuata kwa wauza samaki. Ilinuka samaki, lakini ilikuwa barafu. Shaba ilikuwa inatoka jasho jingi, kwa hiyo niliiweka nje ya dirisha na kuikingia sinia chini. Mkweo aliweka kiganja juu ya kasha la Kizee akasema limepoa. Hilo ndilo neno zuri pekee nililolisikia nyumbani wiki ile. Akawasha hesabu upya, kutoka mwanzo.

Zilikwenda. Jua likawaka, Kizee akanong'ona tu. Zikapita siku bila tik. Tulikuwa tunapokezana kumwaga sinia na kuongeza barafu, hatuongei kwa sauti, tunatembea kama kuna mtoto amelala.

Siku ya tukio ilikuwa na mawingu, joto la kufukuta, hewa nzito yenye unyevu. Mkweo alikwenda ofisi ya wakaguzi wa majengo kuwabembeleza wamsikilize, ili namba zikitoka awe na mlango wa kuziingizia. Mimi nikabaki. Barafu ikaisha, nikakimbia kwa wauza samaki, nikakuta foleni. Niliporudi, nilisikia harufu kabla sijafungua mlango. Hewa ilikuwa nzito mno, shaba ilikuwa imetoka jasho kupita kiasi, sinia limefurika, na feni ilikuwa inapuliza matone kama manyunyu ndani ya mfereji, moja kwa moja ubavuni mwa Kizee. Alikuwa ameloa. Kulikuwa na alama nyeusi kwenye ubao, ndogo kama ukucha. Nilichomoa waya kwa kitambaa, nikakausha, nikapuliza, nikachomeka. Hakukohoa hata kidogo. Mimi, fundi wa kupoza, nilikuwa nimemwua kwa baridi.

Nikiwa nimepiga magoti pale sakafuni, simu ikaita. Alikuwa mkweo. Alikuwa nje ya ofisi ya wakaguzi. Walikuwa wamemwambia alete namba, la sivyo aende nyumbani. Akaniuliza, "Vipi huko?"

Hapa ndipo nilipotaka kufika tangu nilipoanza kukuamkia, mama. Nilitazama ubao ule mweusi. Nikamwona yule mtoto anavuta miguu nipite. Nikamwambia mke wangu, "Zimetoka. Zimekwisha. Ni mbaya. Nenda kawatoe watu."

Alinyamaza kidogo, mpaka nikadhani simu imekatika. Kisha akasema, "Haya."

Tulikutana pale chini ya jengo. Alianza juu, mimi nikaanza chini. Tuligonga kila mlango. Wengine walicheka. Mwenye duka la mitungi alituambia tumetumwa na washindani wake. Mshonaji alisema ana nguo za watu, hawezi kutoka. Nikamwambia nguo nitambebea mimi, nikazibeba kweli, na mtoto wake akabeba pasi. Aliyetuokoa ni yule mwalimu mstaafu wa ghorofa ya tatu. Mkweo alimwuliza tu kama mlango wake unafunga vizuri. Mzee akatazama mlango, akatutazama, akasema fundi seremala amekwisha kuuranda mara kadhaa na kila baada ya siku chache unakwama tena, na alikuwa amemtukana seremala kwa hilo. Mkweo akamwambia kosa si la seremala, ni jengo linashuka. Akatoka akiwa na kandambili. Alipopita ngazini alikuwa anawaita watu kwa sauti ya darasani, na nadhani walitoka kwa mazoea ya kumtii kuliko kutuamini sisi.

Barabara ikajaa magodoro, sufuria, watoto. Magari yakakwama. Mwenye nyumba akaja pamoja na yule mtu wa kofia, akamtukana mkweo mbele ya watu matusi ambayo siwezi kuyaandika kwenye barua ya mama. Akawaambia wapangaji warudi ndani. Mama, baadhi walianza kurudi. Nilimwona mshonaji anainama kuchukua mzigo wake. Mkweo akaenda akasimama mlangoni, mikono ameshika fremu huku na huku, jengo lote juu ya kichwa chake, akasema watampita yeye kwanza. Nilikwenda nikasimama karibu naye. Nisikufiche, kila gari lililopiga honi nilidhani ni jengo linatuangukia.

Kwa sababu barabara ilikuwa imefungwa, askari walikuja, na nyuma yao wakaguzi wale wale waliomfukuza asubuhi. Mmoja, kijana mwenye nyundo ndogo, akaingia kwenye duka la mitungi ili tu atulize watu. Akagonga lipu ya nguzo ya katikati. Lipu ikaanguka yote kwa pamoja kama ganda la yai. Ndani zege lilikuwa limesagika, na nondo zimejikunja kwa nje. Yule kijana alirudi kinyumenyume mpaka barabarani. Akawaomba watu wapunguze sauti. Kana kwamba jengo lina usingizi. Barabara nzima ikanyamaza, hata mwenye nyumba.

Ndivyo ulivyofungwa ule utepe, mama. Wameweka magogo ya kukingia chini, wamehamisha mitungi, na hakuna anayeruhusiwa kuingia. Mwenye nyumba amekwenda kulalamika, anasema ni lipu tu, atapiga nyingine na watu warudi. Kesho kuna kikao cha wakaguzi, na mkweo ameitwa. Ofisini kwake wamemwandikia asirudi kazini, kwa kosa la kutoa michoro. Na kwenye kikao watamtaka aonyeshe zile namba, kwa sababu aliwaambia watu wote kwamba namba zimetoka. Alisema hivyo kwa neno langu.

Kwa siku hizi zote nilikuwa sijamwambia. Nilimwambia Kizee kaungua baada ya kumaliza. Kila alipokaa kujiandaa, akiandika atakachokisema, nilitoka nje kujifanya natengeneza pampu. Niliogopa kuliko nilivyoliogopa jengo. Nilikuwa nimemtoa mke wangu mbele ya mji mzima kwa uongo, na kesho atasimama peke yake aulizwe. Asubuhi hii nilianza kukuandikia wewe kwanza ili nipate nguvu, na nilipofika pale kwenye simu, kalamu ikagoma. Nikainuka nikaenda nyumbani.

Nilimkuta anapiga pasi nguo ya kesho. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama mlangoni: foleni ya barafu, sinia, alama nyeusi, simu. Hakuacha kupiga pasi. Alimaliza mkono mmoja wa gauni, akaugeuza. Kisha akaniambia alijua. Asubuhi ile kabla ya kutoka alikuwa ameangalia, na hesabu zilikuwa hazijafika nusu. Zisingeweza kumalizika saa ile hata kwa kompyuta mpya. Nilipomwambia zimetoka alijua papo hapo kwamba Kizee kafa na kwamba nadanganya.

Nikamuuliza kwa nini basi alikwenda kugonga milango. Akasema ile nguzo alikuwa ameiona kwa macho yake, na alichokuwa anakitafuta kwenye Kizee siku zote zile hakikuwa namba. Alikuwa anatafuta mtu mwingine aseme ndiyo pamoja naye, kwa sababu alikuwa anaogopa kulisema peke yake. Nami nilipolisema, alinyamaza kwenye simu si kwa kunishuku. Alikuwa anajikaza asilie mbele ya askari wa getini.

Kesho atawaambia ukweli. Atasema hakuwa na namba, alikuwa na macho tu, na nguzo waliyoiona wenyewe. Sijui watamfanya nini. Huenda wakamshukuru, huenda wakamshtaki, na yule mtu wa kofia bado anapita mbele ya karakana, jana alinipungia mkono. Ninaogopa, mama. Lakini nimemwambia nitaingia naye kikaoni na nitasema mimi mwenyewe uongo wangu, asiubebe yeye.

Kwa hiyo nakuomba mambo mawili tu, na barua hii nampa dereva wa gari la jioni ikufikie leo hii. Usikaribie lile jengo hata kwa mtaa wa pili. Na ukiweza, panda gari la asubuhi na mapema, uje. Nyumba ni ndogo na ina joto, lakini kitanda kipo, na godoro ni lako mwenyewe. Mkweo hataomba radhi kwa kukupimia nguzo, unamjua alivyo, ila ameniambia akikuona umekaa kwenye viti vya nyuma pale kikaoni hatatetemeka sauti.

Nisalimie mama mdogo tena, na majirani zake wote wanaoniuliza. Mwambie mshonaji akikupigia kwamba cherehani yake ipo karakana kwangu, nimeifunika, haina shida. Ujipake dawa kabla ya safari. Mungu akulinde njiani.

Ni mimi kitindamimba wako,
Fundi

Mama, chini ya hapa ameongeza mwenyewe, sikumwambia:

Shikamoo mama. Njoo. Nitakupokea stendi.